Kona Arobaini za Mvule

Kaloleni, Nairobi
12 Februari 1984

Dada yangu Nasike,

Nakusalimu wewe, shemeji Nabiswa na mpwa wangu Nerima. Mimi ni mzima. Kikohozi cha Januari kimeniacha, na ule mlango wa jikoni uliokuwa ukikwaruza sakafu mlipokuwa hapa Krismasi nimeushusha na kuupiga randa. Jirani yangu Okumu anawasalimu sana. Anasema tangu Nerima aondoke hapati mtu wa kucheza naye bano, zile gololi zake, bila kuibiwa.

Sasa sikiliza. Siku moja mkiwa hapa, Nerima alikuwa ameketi kizingitini na yule mwanasesere wake wa soksi. Akaniuliza, "Mjomba, huyu analala wapi?" Nikamwambia analala kwenye sanduku la viatu, kwani kuna ubaya gani? Akanitazama vile mama alivyokuwa akimtazama mwuza samaki waliooza. Tangu siku hiyo sijapata raha.

Basi nimeanza kumjengea nyumba ya mwanasesere. Ina vyumba vinne, inanifika gotini, na upande wa mbele unafunguka kwa bawaba kama kabati. Kuta ni za plaiwudi. Zimebaki mbao za ukingo: skatingi ya kuzunguka chini ya kila ukuta, na fremu za madirisha na milango. Kwa hizo nimekusanya mabaki ya mvule kutoka karakana, vipande ambavyo wengine wanachomea chai.

Swali langu ni moja. Muulize mwenye nyumba: anataka mbao hizo zipakwe rangi, au ziachwe zilivyo nizipake vanishi tu? Mimi nina maoni yangu lakini nimefunga mdomo. Nyumba ni ya Nerima.

Najua nyumba kama hii nilikuahidi wewe mwaka wa 1956. Samahani kwa kuchelewa miaka ishirini na minane.

Ni mimi kaka yako,
Makokha


Webuye
4 Machi 1984

Kaka Makokha,

Hatujambo hapa. Nabiswa amehamishwa zamu, sasa anaingia kiwandani alfajiri na kurudi mchana akiwa na njaa ya watu wawili. Mvua haijaonekana. Nimepanda maharagwe kwa imani tu. Nerima amekuwa wa tatu darasani na anajivuna kama wa kwanza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikacheka mpaka karani akaniuliza kama nimepata habari za ndoa. Hukusahau! Mimi nilifikiri ni mimi peke yangu ninayekumbuka ile nyumba. Unajua niliiona mara moja tu, siku ambayo mama alinipeleka kule kwa yule memsahibu wa Kizungu aliyekuwa akifuliwa nguo na mama. Ilikuwa juu ya meza ya mtoto wao. Skatingi yake ilikuwa ya mbao ya kahawia, inang'aa kama imepakwa asali, na kila kona imeshikana hata wembe hauingii. Mama akaniambia nifunge mikono nyuma. Nikafunga kama askari. Nilikuwa na miaka minane, sawa na Nerima leo.

Nerima nilimuuliza kama ulivyoagiza. Unawajua watoto, wanasema hili na lile. Jibu ni mbao, Kaka. Usipake rangi. Paka vanishi.

Wako,
Nasike


Kaloleni
15 Aprili 1984

Dada Nasike,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa kungojea mvua. Hata hapa bomba linakohoa tu asubuhi, wanawake wanapanga ndoo foleni kabla jua halijatoka.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mpwa wangu ana macho! Nilikuwa naogopa kwamba atasema nyekundu. Wewe huwajui wapaka rangi. Mimi nimekaa karakana ya mabehewa miaka ishirini na sita na nitakuambia siri yao. Behewa la daraja la kwanza ndani lilikuwa mbao tupu na vanishi, kwa sababu kila kiungo kilitazamwa na watu wenye muda wa kutazama. Daraja la tatu tulipaka rangi. Kona ikiachana, unajaza puti, unapaka, kwisha. Rangi ni blanketi. Hujui chini yake amelala nani.

Nyumba ya Nerima ni daraja la kwanza. Nimehesabu, ina kona arobaini, na kila moja nitaikata kwa mshazari, nusu kwa nusu, mpaka mbao mbili zionekane zimezaliwa pamoja. Nimeanza na mlango wa sebule, kwa sababu ndio mgeni anaouona kwanza. Ile kona ya juu upande wa kulia ilinichukua Jumamosi nzima. Okumu alipitisha ukucha hapo, akauliza imeunganishwa wapi. Nikamwambia atafute mwenyewe.

Kazini siku hizi wameniweka stoo, nagawa msasa na misumari. Omolo, msimamizi wetu, anasema nipumzishe macho. Si kitu.

Mwambie mwenye nyumba asiwe na haraka.

Kaka yako,
Makokha


Kaloleni
10 Juni 1984

Dada Nasike,

Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili. Nadhani ni posta, au ni maharagwe. Mimi nipo. Kanisani tulipata mhubiri mgeni Jumapili iliyopita, akahubiri mpaka watoto wakalala na wazee wakawafuata.

Nyumba inaendelea. Kona kumi na mbili zimekwisha. Lakini nimekuwa nikifikiri. Hii mvule ni nyeusi mno kwa vyumba vidogo, ndani kutakuwa na giza. Tena watoto wanapenda rangi, huo ni ukweli. Madirisha yangu hapa nyumbani ni ya kijani na hajawahi mtu kulalamika. Nina mkebe wa rangi hiyo, umebaki karibu kujaa. Ungesemaje nikipaka kijani? Muulize Nerima tena. Huenda amebadilisha nia.

Akitaka rangi mimi sitavunjika moyo hata kidogo. Niandikie upesi.

Makokha


Webuye
1 Julai 1984

Kaka Makokha,

Nisamehe kukaa kimya. Nilikuwa nalala na kutapika, na sababu yake ni nzuri: Nerima atapata mwenzake Novemba, Mungu akipenda. Daktari amenikataza safari yoyote mpaka nijifungue, kwa hiyo Nairobi mtaniona mwakani. Maharagwe yamekufa. Nabiswa anasema tutakula karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyo tele kiwandani.

Sasa wewe umekuwa nani? Aprili uliandika ukurasa mzima wa kuwatukana wapaka rangi, na Juni unataka kuwa mmoja wao! Rangi ni blanketi, si ndivyo ulivyosema? Nani amelala chini? Usinichekeshe. Chumba kikiwa na giza, toboa dirisha lingine.

Nerima hana neno. Ni mbao tu. Nimekwisha iwazia ile nyumba ikiwa mezani hapa, jua likiingia, na mbao zikitoa ule mng'ao. Kaka, mimi sikuombi mambo mengi. Hili nakuomba. Usipake rangi.

Ni mimi mdogo wako mwenye kichwa kigumu,
Nasike


Kaloleni
22 Julai 1984

Dada Nasike,

Hongera wewe na shemeji. Nimefurahi. Marehemu Nalianya wangu angekuwepo angekwisha anza kufuma sweta.

Nimekusikia. Mbao basi.

Itachukua muda. Namaliza kona moja au mbili kwa wiki, na siku nyingine naikata mara tatu naitupa. Mabaki ya mvule yanapungua. Kalamu hii ni mbovu, inaruka na kumwaga wino, usinicheke.

Msalimie mwenye nyumba.

Makokha


Webuye
12 Agosti 1984

Kaka,

Nawasalimu wewe na Okumu. Sisi ni wazima. Duka letu sasa linauza unga wa mahindi ya njano. Nerima anasema ugali wake umeugua homa ya manjano.

Leo sitaki utani mrefu. Barua yako ya mwisho niliiweka mezani nikaitazama nusu saa. Hiyo si kalamu, Makokha. Herufi zako zinayumba kama mtu anayetoka kilabuni. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, nakujua mkono wako. Tangu Nalianya afariki unakaa peke yako, na Kaloleni busaa haiko mbali na mlango wa mtu yeyote. Mimi si mtoto. Niambie ukweli: umeanza kunywa?

Baba alimwapia Mungu mbele ya kanisa zima kwamba nyumba yake haitaingia pombe. Usimwaibishe kaburini. Kama ni hivyo, sema, tukuombee. Hakuna aibu katika kusema.

Wako mwenye wasiwasi,
Nasike


Kaloleni
2 Septemba 1984

Dada Nasike,

Salamu kwenu. Unga wa njano na hapa upo, tumeuzoea.

Umeniuliza, nami nakujibu. Ndiyo. Nilionja busaa baada ya kifo cha Nalianya, nikaendelea. Ndiyo sababu mwandiko uko hivi. Niombee. Nimeanza kuiacha.

Tusizungumze tena jambo hili. Kona ishirini na tisa zimekwisha.

Makokha


Kaloleni
7 Oktoba 1984

Dada Nasike,

Barua hii inaandikwa na Okumu, mimi nikisema na yeye akiandika, kwa hiyo makosa ni yake. Usishtuke. Nilikuwa nakata skatingi ya chumba cha kulala, patasi ikateleza, ikaingia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilipelekwa hospitali, wakanishona vizuri. Ilikuwa kona ya thelathini na saba. Daktari anasema kidole hakitapinda tena. Wengine wana shida kubwa kuliko hii.

Mwambie Nerima nyumba itachelewa kidogo. Wewe usisafiri, kumbuka ulivyokatazwa. Nawatakia afya.

Makokha

Mama Nerima, haya ya chini ni yangu mimi Okumu, na yeye hajui. Ameinuka kwenda kuweka chai. Nimeishi ukuta kwa ukuta na Makokha miaka kumi na moja. Hanywi. Hajawahi kunywa, hata kwenye harusi yangu aliomba soda. Aliponisomea barua yako ya pombe nilimwambia aikanushe, akasema, "Acha afikiri hivyo, mlevi hupona." Ni mkono. Ulianza kutetemeka mwaka jana. Kwanza kikombe, halafu msumeno. Omolo alimficha stoo ili wakubwa wasimwone, lakini wameona, na Desemba anastaafishwa. Daktari aliyemwona mwezi wa tano alisema ni mishipa ya fahamu, na dawa ya kuiponya hana. Mkono wa kulia ulipozidi, akahamisha patasi kushoto na kushikilia mbao kwa kulia. Ndivyo alivyojikata. Nilimwambia apake rangi amalize. Akasema, "Dada amesema mbao." Pole sana. Anarudi na chai.


Webuye
14 Oktoba 1984

Kaka yangu Makokha,

Nimeandika barua hii mara nne. Sina salamu za kupamba. Okumu ameniambia. Usimgombeze, tafadhali.

Nimekuita mlevi. Nimesimama kanisani nikakuombea kwa jina, mbele ya watu wanaokujua tangu ukiwa mtoto. Mama mchungaji alifunga siku tatu kwa ajili yako. Sasa sijui nitarudi vipi kuwaambia kwamba kaka yangu si mlevi, kwamba ni mkono wake tu, ule mkono.

Nataka kuja na siwezi. Miguu imevimba, Nabiswa ameficha viatu vyangu. Nimebaki kuzunguka nyumba hii kama kuku aliyekanyagwa.

Kuna jambo lingine, na nikilificha leo sitaliandika kamwe. Ulipouliza mwezi wa pili, nilimuuliza Nerima kweli. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Kijani, kama madirisha ya mjomba." Nikamwambia mbao ni nzuri zaidi. Akasema sawa, akatoka kwenda kuruka kamba. Sikumuuliza tena, hata uliponiambia nimuulize. Niliandika jina lake lakini ni mimi niliyetaka. Nilitaka ile ya memsahibu. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, Makokha, bado amefunga mikono nyuma mbele ya meza ya mtoto wa watu.

Ungepaka rangi Juni ungekuwa na kidole chako.

Nasike


Kaloleni
18 Novemba 1984

Nasike,

Naandika kwa kushoto. Mistari inapanda mlima, vumilia.

Hongera kwa mtoto. Nabiswa alinipigia simu ya dukani. Msichana, vizuri.

Nyumba inakuja na basi la Jumamosi, nimeifunga kwa blanketi. Kona nne hazipo. Kwenye skatingi ya chumba cha kulala kuna damu. Mbao ilikuwa bado haijapata vanishi, ikainywa. Nimepiga msasa wiki mbili. Haitoki. Rangi ndiyo itakayoifunika.

Ndani kuna mkebe wa kijani na brashi. Mpe Nerima apake mwenyewe.

Ungesema tu.

Na mimi ningesema.

Makokha


Webuye
9 Desemba 1984

Kaka Makokha,

Mtoto ananyonya na kulala, hana maneno mengi. Miguu imepungua. Kanisani nilisimama Jumapili iliyopita nikasema ukweli. Mzee mmoja akaanzisha wimbo, tukaimba. Wanakusalimu. Tunakungojea Januari ukishamaliza kazi, uje ukae. Nabiswa ndiye aliyesema, si mimi.

Nyumba ilifika salama. Niliifungua peke yangu kwanza, Nerima akiwa bado shuleni. Nimeiona, Makokha. Nimeona mlango wa sebule. Nilipitisha ukucha kwenye ile kona ya juu, upande wa kulia, kama Okumu, na mimi pia sikupata mahali zilipounganishwa. Halafu nikatazama madirisha, nikaona jinsi kona zinavyoanza kuachana kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Ningeweza kuandika tarehe juu ya kila moja. Hii ni Mei. Hii ni baada ya barua yangu ya Julai. Chumba cha kulala nilikifunga. Nikakaa chini nikalia mpaka mtoto akaamka.

Nerima aliporudi alipiga kelele majirani wakaja. Alitaka kupaka siku hiyo hiyo. Nilitandaza magazeti nikampa brashi. Alianza na chumba cha kulala, juu ya lile doa, bila kuuliza ni nini, akaona limekwisha, akaendelea. Alipofika sebuleni nilitaka kumwambia auache mlango ule mmoja. Neno lilinifika mdomoni. Nikajiona nimefunga mikono nyuma, kweli kabisa, Kaka, sikujua nimeifunga saa ngapi. Nikanyamaza. Ni nyumba yake. Akapaka mlango wote, na rangi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Anasema ni nzuri kuliko ya mtu yeyote Webuye. Mwanasesere wa soksi amehamia, na zile pembe nne zisizo na skatingi anasema ni za panya kupita. Anataka ujue kwamba rangi kidogo imebaki.

Leo asubuhi, walipokuwa wamelala wote, niliitafuta ile kona ya Aprili kwa ukucha. Nilijaribu upande wa kulia, nikajaribu upande wa kushoto, nikajaribu na madirisha. Rangi imekauka. Zote ni sawa sasa, kwa ukucha siwezi kujua ni ipi.

Nasike